Bei ya Kufyeka Ua wa Minyang

Minyang alikuwa amefika mfuko wa kumi na saba. Kilo tano za sukari hutoa mifuko ishirini ya robo, na mikono ilikwisha kuanza kunata, binti yake Lerma alipochungulia mlango wa nyuma wa duka akasema kuna mtu ameingia uani na mashine ya kukatia majani.

— Ameingia tu?

— Ameshafika kwenye bomba, Inay.

Hapo Minyang akaisikia. Mashine ilikuwa ikinguruma nyuma ya nyumba, inapanda, inashuka, inapanda tena, kama mtu anayekoroma na kukatizwa.

— Amesema bei?

— Sijamuuliza.

— Kamuulize.

Lerma alikuwa na miaka kumi na sita, akitumwa huenda kana kwamba kila hatua ni ya kulipia. Alirudi na vipande vya majani kwenye nywele.

— Anasema ni juu yako.

— Juu yangu kivipi?

— Amesema hivyo tu. “Ni juu ya mama yako.” Halafu akavuta kamba ya mashine.

— Ni nani huyo?

— Mang Pidyong. Yule wa kule kilimani.

Minyang alifunga mfuko kwa fundo, akajifuta mikono kwenye aproni, akatoka mbele ya duka, ambako kulikuwa na watu wa kumsaidia kufikiri, au angalau watu wasio na kazi nyingine.

Kona ya Bukal ilikuwa na benchi moja, ubao wa mnazi uliopigiliwa juu ya matofali chini ya bati la duka lake. Kila asubuhi alichemsha barako, kahawa kali ya huko, kwenye birika kubwa lililobabuka, kikombe peso kumi, na wateja wake walikunywa kikombe kimoja kwa saa mbili. Siku hiyo walikuwa watatu. Mang Tasyo, ambaye wote walimwita Jaji, kwa sababu aliwahi kushindwa kesi ya shamba iliyodumu miaka kumi na tisa, na tangu hapo hakuna jambo asilolitolea hukumu. Boy Saudi, aliyetunza bustani ya tajiri mmoja kule Jeddah kwa miaka kumi na mmoja akarudi na saa ya mkononi na maoni mengi. Na Doming, mdogo wa marehemu mume wa Minyang, ambaye hakuwa na jina la utani kwa kuwa hakuna lililomkaa.

— Kufyeka ua siku hizi ni kiasi gani? aliuliza Minyang.

— Ua upi? alisema Doming.

— Wangu, shemeji. Husikii mashine?

— Nasikia. Nilidhani ni kwa jirani.

— Inategemea, alisema Jaji.

— Inategemea nini?

— Ndiyo hapo sasa, alisema Jaji, akanyanyua kikombe.

Minyang hakuwa na muda wa hapo sasa. Ofisi ya mtaa ilikuwa imepita na karatasi: homa ya dengi imelaza watoto sita, na kila ua wenye majani yanayopita goti usafishwe kabla ya Ijumaa. Mwenye duka asiyesafisha hatasainiwa kibali cha mwaka mpya. Leo ilikuwa Jumatano. Jumapili alikuwa amemwomba Doming amtafutie mtu. Pesa alizokuwa nazo ni peso elfu moja na mia mbili kwenye kopo la biskuti, zilizowekwa kwa ajili ya sare za watoto wawili wa mwisho. Hilo ndilo lililomsumbua. Akilipa nyingi, mtoto mmoja ataanza muhula na sketi ya dada yake. Akilipa kidogo mno, atakuwa amemdhalilisha mtu wa watu, na Bukal ni ndogo, na yeye ana duka. Wala hakuwa na mahali pa kulinganisha. Miaka yote mumewe alifyeka mwenyewe kwa panga kila Jumamosi, na miaka minne tangu afe, majani ya kogon yamekua mpaka kuku wanapotea humo.

— Sasa sikiliza, Ate Minyang, alisema Saudi. Kuna njia mbili. Kuna ya siku na kuna ya kazi nzima. Ya siku ni mia tano, nawe unamlisha. Kahawa saa tatu, chakula cha mchana, mkate saa tisa. Ya kazi nzima mnapatana, labda elfu na mia nane, na humpi hata maji.

— Elfu na mia tatu ya ziada ni ya nini wakati chakula cha siku hakifiki mia mbili?

— Ya uhuru. Akitaka kumaliza saa nne anamaliza saa nne.

— Sasa huyu yuko kwenye ipi?

— Umempelekea kahawa?

— Bado.

— Basi usipeleke. Bado hujaamua.

Minyang aliliangalia birika. Hakuwahi kufikiri kwamba kikombe cha kahawa kinaweza kuwa mkataba.

— Anayempa mtu kahawa amemwajiri kwa siku, alisema Jaji. Hilo halina rufaa.

— Lakini nisipompa ataniona bahili.

— Atakuona wa kazi nzima, alisema Saudi. Ni heshima yake.

— Shemeji, alisema Minyang akimgeukia Doming, wewe ungezungumza naye bei kabla hajawasha mashine.

— Mimi? Bei si ya mwenye ua?

— Ya mwenye ua, ndiyo, lakini mwanamume kwa mwanamume mnaelewana.

— Mimi na Pidyong hatujawahi kuelewana. Yule hasemi. Ukimsalimu anatikisa kichwa kama ng'ombe mwenye nzi.

Hilo lilikuwa kweli. Pidyong alikuwa mjane wa miaka hamsini na kitu, fundi wa mashine ndogondogo, anakaa peke yake kule juu. Hakuwahi kukaa kwenye benchi. Alikuja dukani mara mbili kwa siku, wakati mwingine tatu, na kila mara alinunua kitu kimoja: kiberiti, kisha akarudi kwa mshumaa, kisha akarudi kwa kopo la dagaa. Minyang aliwahi kumwambia kwamba angeandika orodha angejipunguzia kilima. Alitikisa kichwa, kesho yake akaja kununua wembe mmoja.

Lerma alitokeza tena.

— Inay, Bibi amempelekea kahawa.

Benchi lote liligeuka.

— Nani kamwambia?

— Hakuna. Alitoka nayo mwenyewe. Na suman mbili.

Bibi ni Lola Sepa, mama mzazi wa marehemu mume wa Minyang, mwenye miaka themanini na moja, ambaye mambo ya mikataba yalikuwa yamempita; yeye alijua suman tu, wali wa kunata uliofungwa kwa majani.

— Basi imekwisha, alisema Saudi. Ni ya siku. Mia tano na mchana umlishe.

— Ngoja, alisema Jaji. Alikula akiwa amekaa au amesimama?

— Amesimama, alisema Lerma. Amekula suman moja. Nyingine ameiweka mfukoni.

— Ahaa. Basi ni nusu siku.

— Nusu siku ni mia mbili na hamsini? aliuliza Minyang kwa matumaini.

— Isingekuwa mashine. Mashine nayo ni mtu. Inakula petroli, kwa hiyo inalipwa.

— Kiasi gani?

— Sawa na mtu. Jumla mia tano.

— Tumerudi palepale, Mang Tasyo.

— Tumerudi, lakini sasa kwa haki.

Saudi alikuwa amesimama. Kule Jeddah, alisema, hakuna ujinga huu wa suman. Kule unapima. Bei ya mita moja ya mraba inajulikana, unazidisha, unalipa, mnaachana bila kuangaliana. Akaingia upenuni mwa nyumba akihesabu hatua kwa sauti. Walimsikia mpaka ishirini na mbili, kisha mashine ikammeza. Alirudi akihema.

— Ishirini na sita kwa kumi na tano. Mia tatu na tisini.

— Huo ua ni ishirini kwa kumi na mbili, alisema Doming. Kaka yangu aliupima kwa kamba.

— Hatua yangu ni mita moja. Imepimwa na mhandisi.

— Ilipimwa kabla ya ugonjwa wa goti.

— Nimelipunguzia goti. Mia tatu na tisini mara peso nane. Elfu tatu na mia moja na ishirini.

Minyang alikaa. Hakuwa na desturi ya kukaa kwenye benchi lake mwenyewe wakati wa kazi, na ubao ulilia.

— Hizo peso nane umezitoa wapi?

— Ni riyali nusu, nimeigeuza, nikaondoa kidogo kwa sababu hapa hakuna jangwa.

— Kama hakuna jangwa si majani yanakuwa mengi zaidi?

Saudi alifikiri.

— Basi ni tisa, alisema.

— Nyamaza, Boy, alisema Doming. Unampandishia shemeji bei kwa mdomo.

Jaji alikuwa akitikisa kichwa polepole, kama anayesubiri watoto wamalize kucheza.

— Ninyi mnahesabu majani, alisema. Kichuguu je?

— Kichuguu gani?

— Kile cha karibu na mkorosho. Kile kina mwenyewe. Kibabu kifupi cha mzimu, ndevu mpaka hapa. Mfyekaji akipita pale lazima aombe njia, na kuomba njia ni kazi. Ukimfyeka kibabu mguu, wewe ndiye unayevimba, si yeye. Kwa hiyo pale kuna bei ya hatari. Mimi kwangu walitaka mia tatu kwa kichuguu peke yake.

— Ulilipa?

— Sikulipa. Angalia kidole changu hiki.

Wote walikiangalia. Kilikuwa kidole cha kawaida, kikubwa kidogo.

— Lerma, alisema Minyang, nenda kachungulie amefanya nini kwenye kichuguu.

Msichana alikwenda, safari hii mbiombio kidogo, kwa kuwa na yeye mambo yalianza kumnogea. Alirudi.

— Amekizunguka. Amekata pembeni kwa mkono, kwa panga. Halafu amefungua ule mfereji ulioziba, maji machafu yanatoka. Sasa ameanza uzio.

— Uzio gani?

— Ule wa mianzi uliolala. Anausimamisha.

— Nani kamwambia asimamishe uzio?

— Sijui, Inay. Anatafuta misumari.

Minyang alihisi kopo la biskuti likiwa jepesi hukohuko lilipo kabatini. Majani alikuwa na hofu nayo, lakini aliijua hofu hiyo. Uzio ni jambo jingine. Mfereji ni jambo jingine. Mtu anayeagiza wali halafu akaletewa na kuku na samaki hawezi kusema hakula wakati sahani ziko mezani.

— Kamwambie aache. Mwambie majani yanatosha.

— Ukimsimamisha katikati unalipa fidia, alisema Jaji.

— Mwambie hivyo hivyo.

Walimsubiri. Mashine ilikuwa imezimwa, na nyundo ikasikika, mara tatu, kimya, mara tatu. Lerma alirudi.

— Anasema bado kidogo.

— Umemwambia aache?

— Nimemwambia. Akasema, “Bado kidogo.” Na bomba halivuji tena.

— Mungu wangu, alisema Minyang, bila kupandisha sauti.

— Fundi bomba ni mia nne, alisema Saudi. Hiyo si ya Jeddah, ni ya hapahapa. Mimi nimelipa mwezi uliopita.

— Mfereji mia tatu, alisema Doming, kisha akaona aibu kwa kusema.

Jaji alishusha kikombe. Aliwasogelea, na sauti yake ikawa ya mahakamani.

— Mnataka kujua kwa nini hasemi bei? Nitawaambia. Mtu anayefanya kazi kwenye kiwanja cha mwenzake bila bei, bila risiti, mwaka wa kwanza mnamshukuru. Mwaka wa pili mnamzoea. Mwaka wa kumi anakwenda kwa wakili anasema, uzio nimeusimamisha mimi, mfereji nimeufungua mimi, kichuguu kinanijua mimi. Hivyo hivyo ndivyo lilivyokwenda shamba langu.

— Shamba lako ulimuuzia binamu yako, Mang Tasyo, alisema Doming. Ulisaini.

— Nilisaini kwa sababu alikuwa amenifyekea.

— Kwa hiyo huyu anataka kiwanja changu?

— Sisemi anataka. Nasema hasemi.

Minyang alijua Jaji ni Jaji. Lakini alijua pia kwamba mtu mzima hatoki kilimani na mashine mgongoni, akaacha kazi zake, akafyeka, akazibua, akapigilia, kisha akasema ni juu yako. Kuna kitu. Aliinuka akaenda kabatini, akatoa zile elfu moja na mia mbili, akazikunja, akaziweka kwenye mfuko wa aproni. Heri azilipe zote na waachane. Sare atafikiria kesho. Mtu akishashika pesa mkononi hana tena cha kudai, si majani wala kiwanja.

Alipotoka akakuta mgeni kwenye benchi. Msichana wa ofisi ya afya, mpya, aliyeletwa kutoka mji mwingine mwezi huo, mwenye mwavuli wa bluu na ubao wa kuandikia. Jina lake lilikuwa kwenye kadi shingoni: Jovelyn. Jaji alikuwa amemsogezea nafasi ya kutosha watu wawili.

— Samahani, mama. Nimekuja kuangalia ua. Najua siku ya mwisho ni Ijumaa, lakini nimepita.

— Angalia, alisema Minyang. Upo wote.

Jovelyn alizunguka nyumba. Hakuchukua muda. Aliporudi alikuwa ametabasamu kama mtu ambaye siku nzima ameona mayai mabovu na sasa ameona moja zima.

— Ni ua safi kuliko wote mtaani, mama. Hata mfereji. Wengine wanafyeka tu mbele ya macho. Nitasaini sasa hivi, kibali chako hakina tatizo. Ila nijaze hapa. Aliyefanya kazi?

— Pidyong. Elpidio. La ukoo sijui.

— Malipo?

Saudi alifungua mdomo, Doming akamkanyaga.

— Bado tunapatana, alisema Minyang.

— Haya. Na aliyemwita ni nani?

— Shemeji yangu huyu.

— Mimi? alisema Doming.

— Wewe. Jumapili nilikuomba.

— Uliniomba nikasema nitaona. Sijaona. Mimi asubuhi nilipomwona anapita na mashine nikasema, shemeji amechoka kunisubiri, amemwita mwenyewe.

— Sijamwita.

— Basi Boy.

— Mimi nimwite ili iweje? Ningefyeka mwenyewe kwa bei ya ndugu.

— Mang Tasyo?

Jaji alitikisa kichwa. Lola Sepa hakuwa ametoka nje ya uzio tangu Pasaka. Lerma alisema si yeye, kabla ya kuulizwa.

Jovelyn alisubiri na kalamu hewani, akiwaangalia mmoja mmoja. Lilikuwa swali jepesi kuliko yote kwenye karatasi yake.

— Kwa hiyo nani alimwita? aliuliza tena, kwa upole, akidhani hawakusikia.

Nyuma ya nyumba nyundo iligonga mara tatu.

— Nitapaacha wazi, alisema Jovelyn. Akasaini, akachana nusu ya karatasi akampa Minyang, akafungua mwavuli, akaenda zake.

Kisha Jaji akasema, akiangalia barabara:

— Mimi nilipasua kuni kwa babake mke wangu Pacing miezi kumi na mmoja. Na kuteka maji. Hakuna aliyeniita.

Saudi akageuka kumwangalia, kisha akageuka upande mwingine haraka. Huko Bukal mambo hayo yalikuwa yamepungua. Siku hizi vijana wanatumiana ujumbe wa simu. Lakini hakukuwa na mtu asiyejua maana ya mwanamume kuingia nyumbani kwa mwanamke na kuanza kazi ambayo hakutumwa: kuni, maji, paa, bila kusema neno, mpaka wenye nyumba waseme kama wameikubali posa. Walijua wote. Ila hakuna aliyefikiri kuitafuta maana hiyo nyuma ya duka la mjane wa miaka arobaini na saba mwenye watoto wanne na sukari kwenye viwiko.

— Nina miaka arobaini na saba, alisema Minyang.

— Hakuna aliyekuuliza umri, alisema Jaji.

— Na angekulipa huyo babake Pacing, ungefanya nini?

— Angenilipa ningechukua panga langu nikaenda nyumbani. Mtu akishakulipa amekujibu.

— Na asipolipa?

— Asipolipa naye amejibu.

Doming alikuwa anaangalia miguu yake. Minyang alimwona akiiangalia, na alijua anafikiri nini, kwa sababu kaka yake ndiye aliyeupima ua ule kwa kamba.

— Niongezee kahawa, Ate, alisema Saudi, ili tu pawe na kitu cha kusemwa.

— Imekwisha.

— Nusu tu.

— Imekwisha, Boy. Nendeni makwenu.

Hakwenda nyuma moja kwa moja. Alirudi ndani kwanza, akamaliza mifuko mitatu ya sukari iliyobaki, kwa sababu sukari iliyo wazi huingia sisimizi. Wakati akifunga wa mwisho alijaribu kukasirika. Ilikuwa rahisi zaidi alipodhani Pidyong anataka kiwanja. Mume aliwahi kuwa naye, na mume ni kufua, kupika, kuuguza, na mwishoni kuzika. Pia ni mtu anayezibua mfereji bila kuambiwa. Alivijua vyote viwili, na hakukuwa na mtu mtaani wa kumwambia hesabu yake inatoka kiasi gani.

Jua lilikuwa limeanza kushuka alipotokea uani na mkono kwenye mfuko wa aproni. Hakuutambua ua wake. Ulikuwa mkubwa. Kogon ilikuwa imelundikwa pembeni kwa mafungu, uzio umesimama, kuku wanazunguka wameduwaa kama wamehamishiwa nyumba. Lola Sepa alikuwa kwenye kiti chake mlangoni. Pidyong alikuwa amechuchumaa, anasafisha meno ya mashine kwa kijiti.

— Mang Pidyong.

Akasimama.

— Nani alikuita?

— Majani yalikuwa marefu, alisema.

— Kila ua Bukal una majani marefu.

Alitikisa kichwa. Minyang alingoja. Alikuwa na uzoefu wa kungoja wateja wasiojua wanachotaka, lakini huyu alikuwa anajua.

— Huu tu ndio ninaoupita mara tatu kwa siku, alisema Pidyong.

Alikuwa amenyoa. Shingoni palikuwa na mkwaruzo wa wembe na jani limeganda juu yake. Vidole vya Minyang vilikuwa vimezishika noti. Zingetoka kwa urahisi. Angezipokea, bila shaka, angetikisa kichwa, angepanda kilima na mashine yake, na kuanzia kesho angenunua kiberiti, mshumaa na dagaa kwa safari moja. Au labda kwenye duka la kule chini.

— Petroli umetumia ya kiasi gani?

— Si kitu.

— Nimekuuliza petroli. Hiyo si yako, ni ya mashine.

Pidyong aliitazama mashine kana kwamba itajibu.

— Mia na arobaini, alisema.

Minyang akageuka kidogo ili asione noti nyingine, akahesabu mia na arobaini, akampa. Akaipokea. Walisimama. Zilizobaki zilikuwa bado kwenye mfuko wa aproni, na alizisikia zikimkuna pajani, na mkono wake hakuurudisha humo.

— Unakula boga? aliuliza.

— Nakula.

— Kuna boga la tui na samaki wa chumvi. Hakuna kingine. Nawa pale bombani, na usiangushe sabuni chini.

Chakula kilikuwa tayari kabla giza halijaingia vizuri. Minyang aliweka sufuria ya wali katikati ya meza, boga upande huu, samaki upande ule. Doming alitokea na chupa ya siki ambayo hakuna aliyemwagiza, akasimama mlangoni akimwona Pidyong ameketi kwenye ukingo wa benchi la watoto, mikono juu ya magoti, nywele zimelowa.

— Ingia au utoke, shemeji, alisema Minyang. Mbu wanaingia.

Doming alisimama kidogo zaidi. Kisha akaingia, akaweka siki mezani, akaketi upande wa pili, akamsogezea Pidyong sahani ya chumvi bila kumwangalia.

— Lerma, sogea, alisema Lola Sepa. Mtu hawezi kula amebanwa na ukuta.

Lerma akasogea, midomo ameibana ili asicheke. Wadogo zake watatu walimtazama mgeni kwa macho makavu, kama wanavyomtazama daktari wa meno. Pidyong alitikisa kichwa kuwaelekea, mara moja kwa kila mmoja.

Minyang alisimama na upawa mkononi, akahesabu vichwa kama anavyohesabu kila jioni kabla ya kuanza kupakua, kwa kidole, bila sauti. Lerma. Wadogo watatu. Mama mkwe. Doming. Kidole kilifika ukingoni mwa benchi, kikasita, kikashuka.

Na yeye mwenyewe, wanane. Wote wapo. Akapakua.